Chembe za Mama

Enzi hizo uvimbe wa saratani haukuzikwa na marehemu. Chembe zake zilitunzwa hai nyumbani kwa marehemu, ili dawa mpya zijaribiwe kwenye chembe hizo. Kwa miaka tisa Naelijwa alizilisha chembe za mama yake, zilizoelea kama ukungu ndani ya chupa kwenye mashine ya kuzitunza, na kila asubuhi alizisalimia.

Siku hiyo alizidondoshea dawa aliyoichuja kutoka magome ya mti wa mlimani. Kufikia adhuhuri zote zilikuwa zimekufa.

“Imekubali?” baba yake aliuliza kutoka jikoni.

“Imekubali, baba. Watu watapona.”

Mzee akaja, akaitoa chupa kwenye mashine, akaikumbatia.

“Mbona bado ana joto?” akanong’ona.

Naelijwa hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba joto lile lilikuwa la mashine.