Prosesa ya Wodi

"Shangazi yako yupo, anadunda," nesi alimwambia fundi wa kompyuta aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wake. Akamwonyesha skrini. "Tazama mwenyewe."

Fundi akatazama. Kompyuta ile moja ndiyo iliyoonyesha mapigo ya moyo ya wodi nzima, na yeye ndiye aliyeifunga hapo wodini. Daktari alikuwa ametaka prosesa ya seva, ubongo wa kompyuta uliotengenezwa kukesha bila kuchoka. Fundi alimcheka. "Hiyo kobe, daktari! Weka hii ya kompyuta ya mezani, wacheza gemu wanaigombania. Mbio zake si mchezo." Daktari akamwachia fundi ufundi wake.

Mstari wa shangazi ulikuwa wa kijani, umejaa vilima vizuri. Fundi akatabasamu. Kisha akaona kwamba vilima havisogei.

Vya kitanda cha jirani navyo vimesimama. Vya wodi nzima.

Aliweka kiganja ubavuni mwa kompyuta, akakiondoa upesi kama aliyeshika sufuria jikoni.

"Sista, mara ya mwisho ulienda kitandani kwake saa ngapi?"

"Niende kufanya nini? Si namwona hapa hapa tangu asubuhi?"

Fundi alishaondoka, anakimbia katikati ya vitanda. Shangazi alikuwa ameelekea ukutani, shuka imemfunika hadi begani, unyayo mmoja uko nje.

Joto la kompyuta lilikuwa bado kiganjani mwake alipoushika ule unyayo, wa baridi.