Kutua Salama

Ripoti ya jeshi ilisema rubani alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Mzee Mbwiga, baba yake, aliikataa katakata. Kila Jumamosi alikwenda kwenye klabu ya wapenzi wa ndege, akairusha kwenye kompyuta ndege ileile ya kivita, na injini ikamzimikia palepale ilipomzimikia mwanawe. Kila mara alianguka, akainuka kitini kifua mbele: "Mmeona? Hata malaika angeanguka!"

Leo, badala ya kuivuta pua ya ndege juu kama mwanawe alivyofanya, aliishusha. Ndege ikapata kasi, ikatua.

"Mzee, umeweza!" wanaklabu walishangilia.

"Acheni makofi!" alifoka. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama yake asisikie."

Kwenye skrini, kifuniko cha kioo juu ya kiti cha rubani kilifunguka taratibu. Ndani hamkuwa na mtu.