Mrembo wa Tangazo la Kapulana

Wanawake watatu walikuwa wameshadai kuwa sura ile ni yao, na Nadia alikuwa hajamwamini hata mmoja.

Sura yenyewe haikuonekana. Lilikuwa tangazo la mwaka 1970, la duka moja la vitambaa hapa Mocímboa da Praia. Msichana amejifunga kapulana mpya kifuani na nyingine kichwani, uso mzima umepakwa msiro mweupe kama wanavyojipaka wanawake wa pwani, kidevu amekilaza begani. Chini yake maneno ya Kireno yalisifu rangi isiyochuja.

Nadia alikuwa amemaliza chuo na kurudi na wazo moja. Karatasi za mji ziliungua pamoja na ofisi wakati wa vita. Basi yeye angekusanya zilizobaki majumbani: matangazo ya nguo, kalenda za maduka, tiketi za sinema, hata karatasi za kufungia sabuni. Shule ilimpa chumba cha kuzionyesha. Picha ya mtu, alisema, haitatundikwa bila jina. Mji huu umepoteza majina ya kutosha.

Tangazo lile lililetwa na mzee Muhamadi, ambaye mkewe alifariki wakiwa ukimbizini. Siku ya kukimbia aliacha redio, baiskeli na godoro. Karatasi ile aliiweka ndani ya shati.

"Nilimpenda kabla sijaoa," alimwambia Nadia. "Marehemu alijua. Alikuwa akimwita mke mwenza. Nitafutie jina lake, mjukuu wangu. Nataka kumsalimia tu."

"Mzee mzima anaposa karatasi," alisema fundi Abdurremane, rafiki wa Muhamadi tangu utotoni, bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mahari utampa gundi?"

Muhamadi alipoondoka na karatasi yake, Nadia alibaki pale kwa fundi.

"Babu, si wewe ulijifunza kushona kwenye baraza ya duka lile? Humkumbuki?"

"Nakumbuka mwenye duka alivyohangaika. Hapakuwa na baba mji huu ambaye angekubali binti yake abandikwe ukutani, wanaume wamkodolee macho."

"Lakini huyu alikubali."

"Alipewa kipande cha kitambaa." Abdurremane alikata uzi kwa meno. "Usiitundike hiyo. Si picha nzuri. Mabega mapana."

"Babu Muhamadi anayapenda hayo mabega."

Fundi alikosea mshono, akaanza kuufumua.

Kesho yake bibi Chamima, mmoja wa wale watatu, alichoka kutoaminiwa. Alimwambia Nadia kwa hasira kwamba basi, kama si yeye, mwenyewe atakuwa yule binti aliyehamia Pemba, makao makuu ya jimbo, akamtafute huko. Nadia alijua ni maneno ya hasira. Lakini alikuwa anamwonea huruma Muhamadi, na maneno hayo akamwambia mzee kabla hajayapima.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuwa ameketi ndani ya chapa, basi dogo la kwenda Pemba, amenyoa, amejipaka manukato, karatasi yake mkononi. Barabara ile, watu bado husoma dua kabla ya kuipita. Wiki iliyotangulia gari moja halikufika.

"Babu, shuka. Sina hakika kama yuko huko."

"Mimi ninayo," alisema Muhamadi, akafunga dirisha nusu.

Nadia alikimbia kwa fundi. "Anakusikiliza wewe tu, babu. Mwambie asiende."

Abdurremane alisimamisha cherehani. Kisha akainuka, akachukua kapulana mbili za wateja kwenye rundo, akaelekea stendi. Dereva alikuwa ameshawasha gari.

"Umekuja kuniaga?" aliuliza Muhamadi.

Mbele ya abiria wote fundi alijifunga kapulana moja kifuani, ya pili akaizungusha kichwani na kuifundika kwa ustadi. Halafu akageuka upande, akalaza kidevu begani, ndevu nyeupe na yote.

Muhamadi alimtazama. Akatazama karatasi. Akamtazama tena.

"Shuka, Muhamadi," alisema Abdurremane. "Miaka yote hii unanipenda, na nyumbani kwetu hujaleta hata kuku."