Mwenye Mbuzi Alipe

Virginie alifika kambini Mbau saa tatu asubuhi, akimvuta askari kwa kamba ya mbuzi. Askari mzima, mwenye ndevu, kofia kichwani. Mlinzi wa barrière, kile kizuizi cha njiani, alisahau hata kumdai kitu.

"Huyu ni wenu?" Virginie aliuliza.

Commandant Abdias alitoka na kikombe chake cha chai. Alikuwa amefundishwa vita na Waganda, na katika Kiingereza chao chote neno moja tu lilimbakia: stray, yaani kilichopotea njia. Mbuzi aliyeacha wenzake, stray. Risasi iliyotoboa paa la kanisa, stray, hakuna wa kulaumiwa. Lakini stray mkubwa kuliko wote alikuwa huyu Syauswa, waliyemwokota mbali huko Luofu pamoja na magunia yake ya viazi na kumvalisha uniforme siku ileile. Tangu kikosi kihamie Mbau alikuwa ametoroka mara tatu. Abdias aliapa mbele ya wote kwamba ya nne itakuwa risasi, na hiyo haitapotea.

"Ni mara ya ine anakula mahindi yangu," Virginie alisema. "Na maharagi. Angalia vile amenona, mwizi huyu."

Syauswa aliangalia chini. Kusema kweli, hakuwa amenona hata kidogo.

"Muache hapa, mama. Leo tunamupiga masasi."

"Na mahindi yangu, nani atalipa? Afande, wewe ni mutoto wa huku, unajua. Mbuzi ya mutu ikiingia mu shamba yangu, ninaifunga kwangu mpaka mwenyewe alipe. Lete magunia mbili, umukamate. Kama hapana, atanilimia."

"Na nikimuua?"

"Mbuzi ya deni haichinjwe. Ukimuua, ni magunia ine."

Askari walianza kucheka chinichini. Abdias alikuwa hajalipa mtu Mbau nzima: mama wa chai alingoja tangu Noeli, fundi wa viatu tangu Pasaka. Alikitazama kikombe chake, akamtazama Virginie, akaona bora amalize mambo mapema.

"Bon. Umulimishe. Nitalipa mwisho wa mwezi."

"Nitangoja, afande," Virginie alisema. Akakaza kitenge.

Alimvuta Syauswa kupita katikati ya soko ili kila mtu aone. Alimtukana njia nzima, yeye na mama yake, na huyo mama ndiye aliyetukanwa kwa moyo kabisa.

Walipofika kwake alifunga mlango, akaifungua ile kamba. Watoto watatu walitoka jikoni mbio, wa mwisho akamrukia Syauswa miguuni.

"Polepole," Virginie alisema, akijifuta macho. "Muache baba yenu akule kwanza."