Pikapu Isiyoharibika

Siku hizi pikapu mbovu hakuna, kwa hiyo Mligo hakuuliza habari za injini. Aliuliza njia. Kila barabara ina kampuni yake, na gari la kampuni nyingine haliingii humo. Kila kaya huruhusiwa kuchagua kampuni moja tu, ya maisha, na gari haliazimwi.

“Nyati inakwenda soko la viazi,” alisema muuzaji. “Kifaru inakwenda hospitali ya rufaa. Zote imara, mzee wangu. Miaka thelathini hutaijua gereji.”

Mligo alimtazama mkewe, Desderia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu imevimba ndani ya kandambili. Kila wiki alisafishwa damu kwa mashine huko hospitali. Basi lililokuwa likimpeleka lilikuwa limeondolewa njiani.

“Tupe Kifaru,” alisema Mligo.

“Nikifika hospitali mikono mitupu, bila hela, si watanirudisha?” Desderia aliinuka, akaenda kuligonga bodi la Nyati kwa kiganja. “Na viazi vikiozea stoo, wajukuu wale nini? Hii inabeba magunia ya lumbesa bila kuinama. Chukua hii, baba Wende.”

Walipofika njiapanda na Nyati yao, Mligo alikata usukani kuelekea hospitali kwa nguvu zake zote. Usukani ukarudi taratibu mikononi mwake, na sauti ya kike ikasema kwa adabu, “Samahani, huko hatuendi.”

Desderia alikaza mkanda wake.

“Gari zuri,” alisema. “Hata ukibaki peke yako, halitakusumbua.”