Beltrán Mwingine

"Mtoto aitwe nani?" padri aliuliza, maji yakiwa tayari kiganjani.

Mama mzazi alikuwa bado kitandani, kwa hiyo kutaja jina ilikuwa kazi ya shangazi aliyembeba. Jina lenyewe lilijulikana. Kila kifungua mimba wa kiume wa ukoo huu wa Kastilia aliitwa Beltrán, akapewa upanga na jeshi, kisha akarudishwa kanisani humu akiwa maiti. Shangazi alikuwa amesimama juu ya makaburi yao. La mwisho, la kaka yake, baba wa mtoto huyu, lilikuwa bado halijachongwa jina.

"Sema basi, binti! Umemeza ulimi?" jemadari mzee, baba yake, alimhimiza. Watu wakacheka.

"Nimechoka, baba."

"Kwa neno moja tu?"

"Kwa hilo hilo."

Mtoto alikuwa amemshika kidole gumba. Kucha zake zilikuwa laini kama ngozi ya kitunguu, na mmoja ulikuwa umejikunja.

Shangazi akampa baba yake mgongo, akauliza kama wakulima wanavyouliza wanapokosa jina la kumpa mtoto:

"Padri, leo ni siku ya mtakatifu gani?"