Mwali Asiyeanza Upya

Siku hizi mwali haolewi mpaka aiishi ndoa yake kwanza ndani ya mchezo wa kompyuta, wakwe wakitazama kwenye skrini ya sebuleni kwao. Raya alikaa mkekani, hina bado mbichi miguuni, akaanza kumtengeneza mtu wa kumwakilisha. Kungwi wake, Bi Mwanamkuu, alimsogelea.

"Kwenye tabia, mwanangu, chagua mpole."

Raya akachagua mbishi. Akampa na kovu lake mwenyewe la shavuni.

Mchezo ukaanza. Mama mkwe wa mle ndani akaagiza chai. Mtu wa Raya akamwonyesha birika lilipo, akaendelea kula embe lake. Skrini ikawa nyekundu: Mwali huyu hafai. Anza upya?

"Bonyeza Ndiyo, usitutie aibu!" kungwi alimsihi. "Hata mimi enzi zangu nilibonyeza. Nikamtengeneza mpole, akapendwa na ukoo mzima."

"Na wewe mwenyewe, kungwi wangu, ulikwenda wapi?"

Bi Mwanamkuu akaketi mkekani kando yake.

Raya akabonyeza Hapana. Simu kutoka kwa wakwe ikaanza kuita, na swali likarudi palepale kwenye skrini. Safari hii kidole kilichobonyeza Hapana kilikuwa cha kungwi.